Sura ya Tano: Mikono ya Usiku

Mtoto mchanga haujui usiku. Alipokuwa tumboni aliletewa habari za usiku na damu ya mama yake, kwa sababu melatonini, homoni ambayo mwili wa mtu mzima huitoa giza likiingia, hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia. Kitovu kikikatwa, habari hizo hukatika. Mwili wake mwenyewe hautaanza kupanga mchana na usiku mpaka afikishe miezi miwili au mitatu. Kabla ya hapo hulala saa 16 au 17 kwa siku, lakini huzilala kwa vipande vya saa mbili au tatu, na vipande hivyo haviulizi kama jogoo amewika.

Naanza na jambo hili kwa sababu mama aliyekaa kitandani saa nane usiku, mtoto analia na nyumba nzima imelala, huwa anajiuliza amekosea wapi. Hajakosea popote. Ana kazi ya kuusaidia mwili mdogo ujifunze saa, na kazi hiyo haina ujanja mkubwa. Mchana fungua madirisha, mwache alale katikati ya sauti za sufuria na za watoto wenzake wanaocheza uani. Usiku punguza taa, usiongee naye sana, na nepi ibadilishe pale tu inapolazimu. Mnyonyeshe pia, kwa maana maziwa ya mama yanayotoka usiku yana melatonini, na yale ya mchana karibu hayana kabisa.

Si kila sauti anayoitoa usiku ni kilio. Karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga ni usingizi mwepesi: anakunja uso, anaguna, anarusha miguu, macho yanacheza chini ya kope, mara nyingine anatoa kilio kifupi na kunyamaza. Wenye nyumba hudhani ameamka. Wanamnyanyua, na hapo ndipo anapoamka kweli. Kwa hiyo akiguna, mwekee mkono kifuani, usikilize kidogo. Akianza kugeuza kichwa huku na huku, akitoa ulimi, akinyonya ngumi yake, hiyo ni njaa, na ni vizuri kumpa ziwa wakati huo. Mtoto aliyefikia kulia kwa njaa ameshakasirika, na mtoto aliyekasirika hulishika ziwa kwa shida.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku wa pili au wa tatu baada ya kuzaliwa anaweza kunyonya karibu mfululizo. Usiku huo ndio huvunja wengi. Mtoto ananyonya, anaachia, anasinzia, anadai tena. Bibi, kwa huruma yake, anasema, "Maziwa hayajashuka, mwanangu. Mpe japo vijiko viwili vya maji ya glukosi." Maji yanajaza tumbo dogo, mtoto ananyamaza, na kila mtu anaona dawa imepatikana. Kumbe kilichokatizwa ni kazi aliyokuwa anaifanya. Maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano, ni machache na yanamtosha, na kunyonya huko kwa usiku kucha ndiko kunakoita maziwa mengi, maana prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku. Ukitaka kujua kama anashiba, usipime kwa kilio. Kuanzia siku ya tano hivi anapaswa kulowesha nepi sita au zaidi kwa siku, na uzito aliopoteza siku za mwanzo, ambao unaweza kufika sehemu moja ya kumi, uwe umerudi ifikapo wiki ya pili. Mizani ya kliniki ina ushahidi zaidi kuliko wasiwasi wa ndugu.

Sasa tuje kwenye kilio chenyewe: kile cha mtoto aliyeshiba, aliye mkavu, asiye na homa, anayeanza kulia jua linapozama na kuendelea hadi saa nne au tano usiku. Pwani wazee wanasema mtoto mchanga asitolewe nje magharibi, ana upepo. Kwingine wanasema ni mchango. Sikubaliani na maelezo hayo, lakini nawaheshimu walioyatoa kwa sababu waliona jambo la kweli: kilio hiki kina saa yake. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha kumbukumbu za vilio vya watoto 80 wenye afya, zilizoandikwa na mama zao siku hadi siku. Kilio kilipanda wiki baada ya wiki, kikafika kileleni karibu na wiki ya sita, wastani ukiwa karibu saa mbili na dakika 45 kwa siku, kisha kikashuka. Sehemu kubwa ilikuwa jioni. Tafiti zilizofuata katika nchi nyingine zimekuta umbo hilohilo: kupanda, kilele, kushuka, na nafuu ya wazi inayokuja mwezi wa tatu au wa nne.

Wiki ya sita ni siku 42. Kwetu hizo ni siku za arobaini. Mama mzazi amekaa ndani, amekandwa kwa maji ya moto, amepikiwa mtori au uji wa pilipili manga, mtoto amebebwa na shangazi na bibi kwa zamu. Arobaini ikitimia, mtoto ananyolewa, wageni wanakula pilau, na siku ya pili mama mkwe anafunga mzigo wake arudi kwake. Anaondoka wiki ileile ambayo kilio kiko juu kabisa. Mama anabaki na mtoto anayelia kuliko alivyolia tangu azaliwe, mikono ya kumsaidia imeondoka, na mumewe anaamka saa kumi na moja kuwahi kazini. Siku hizi mijini hata arobaini yenyewe imekatwa ikawa wiki mbili. Nikiulizwa kwa nini kina mama wengi wa mjini wanasema mtoto wao "ameharibika ghafla" akiwa na mwezi na nusu, jibu langu ni hilo.

Kilio hiki hakina dawa ya chupa. Kina mwili wa mtu. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Montreal, Kanada, Urs Hunziker na Ronald Barr, waliwaomba kina mama wawabebe watoto wao saa tatu zaidi kwa siku, mikononi au kwa kitambaa, wakilia au wasilie. Kufikia wiki ya sita watoto hao walilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao, na saa za jioni pungufu kwa asilimia 51. Barr alikwenda pia kwenye kumbukumbu za jamii ya Wakung wa jangwa la Kalahari, ambao wakati huo mtoto wao hakukaa mbali na mwili wa mtu mchana kutwa. Watoto wale nao walikuwa na kilele cha kilio katika wiki zilezile, na walianza kulia mara nyingi vilevile. Tofauti ni kwamba kila kilio kilikuwa kifupi, hivyo jumla yake ikawa karibu nusu.

Kuna sehemu ya tatu ya habari hii ambayo haisemwi sana. Barr alipojaribu kuwapa kubebwa kwingi watoto ambao tayari walikuwa wameingia katika vilio virefu, hakuona faida ileile. Kubeba kunafaa zaidi kukitangulia kilio. Mbeleko ifungwe asubuhi na mchana, mtoto akiwa ametulia, tangu wiki za mwanzo. Akiwa bado mchanga mfunge kifuani badala ya mgongoni, uso wake uuone, pua iwe wazi, kidevu kisibanane na kifua chake. Ukisikia mtu anasema utamzoesha kubebwa, mjibu kwa adabu kwamba mtoto wa mwezi mmoja alishazoeshwa kubebwa miezi tisa.

Kilio kikishaanza usiku, simama utembee. Kundi la watafiti wa Kijapani lililoongozwa na mwanasayansi Kumi Kuroda lilionyesha mwaka 2013 kwamba mtoto akibebwa na mtu anayetembea, mapigo ya moyo wake hushuka ndani ya sekunde chache na mwili hulegea. Kumshika ukiwa umekaa hakukufanya hivyo. Mwaka 2022 walitoa maelekezo ambayo kila mzazi anaweza kuyafuata leo usiku: tembea naye dakika tano kwa mwendo usiokatikakatika, bila kugeuka ghafla. Akisinzia, usimlaze hapohapo. Keti naye dakika tano hadi nane, usingizi wake uzame, ndipo umlaze. Waligundua kuwa kinachomwamsha si godoro, ni ile hatua ya kuachana na mwili wa aliyembeba. Ndiyo maana nashauri uiname naye mpaka mgongo wake uguse kitanda kifua chako kikiwa bado juu yake, uondoe mwili wako polepole, na mkono mmoja ubaki kifuani kwake.

Kumcheulisha baada ya kunyonya kunasaidia wengine. Kumfunga kwa khanga nyepesi kunatuliza mikono inayorukaruka, mradi miguu na nyonga viwe na nafasi ya kujikunja na kutanuka. Usimvalishe soksi, kofia na mablanketi mawili katika joto la Dar es Salaam au Mombasa. Mtoto aliyepata joto kupita kiasi hulia, na kufunikwa mno ni hatari akiwa usingizini. Alazwe chali, kwenye godoro gumu, ndani ya chandarua, pasipo mito wala nguo laini karibu na uso. Kulala naye kwenye kochi ni hatari kuliko mahali popote.

Dawa sasa. Dawa ya maji ya grepu wota (gripe water), iliyoanzishwa Uingereza karne ya 19, ilikuwa na pombe ndani yake, na huenda hicho ndicho chanzo kikubwa cha sifa ya utulivu iliyojijengea. Za leo nyingi hazina pombe, lakini hakuna ushahidi kwamba zinatibu kilio, na mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji chochote zaidi ya maziwa isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupoozesha. Dawa ya mafua inayotolewa ili mtoto "alale vizuri" inaweza kudhoofisha upumuaji wake. Hilo la mwisho nalisema kwa uchungu kwa sababu linafanyika, na wanaolifanya ni watu waliochoka, si watu wabaya.

Uchovu huo unastahili kutajwa kwa jina lake. Kuna usiku ambapo umetembea, umenyonyesha, umeimba, na bado analia, na ndani yako kunapanda hasira inayokutisha. Mlaze chali mahali salama, toka chumbani, kaa dakika chache, nawa uso, mwamshe mtu. Mtoto hatadhurika kwa kulia dakika kumi. Kutikiswa kwa sekunde chache kunaweza kumpofusha au kumuua, kwa sababu shingo yake haiwezi kuzuia kichwa na mishipa ya ubongo wake hupasuka.

Na kipo kilio kisichosubiri asubuhi. Mtoto aliyeacha kunyonya au ananyonya kwa udhaifu, mwenye joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au aliyepoa chini ya 35.5, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, aliyepata degedege, aliyelegea asiyejongea mpaka aguswe, au mwenye viganja na nyayo za njano: huyo apelekwe kituo cha afya usiku huohuo. Vivyo hivyo anayetapika kijani, au ambaye kilio chake kimebadilika kikawa chembamba na kikali kuliko ulivyokizoea. Njiani mweke kifuani ngozi kwa ngozi, umfunike, uendelee kumpa ziwa kama analipokea.

Ewe baba, shangazi, bibi, mdogo mtu: kama katika ukoo wenu kuna mtoto wa wiki tano, sita au saba, usimpelekee nguo nyingine. Fika kwao magharibi, mpokee mtoto akishanyonya, tembea naye sebuleni mpaka saa nne, umwache mama yake alale. Rudi kesho ufanye hivyohivyo, na uendelee mpaka mtoto atimize miezi mitatu.