Kutoka Likoni hadi Ubingwa wa Meno ya Wanyama: Ngazi za Masomo na Tatizo la Istilahi

Siku chache kabla ya Idi ya Mfungo Tatu, mbuzi huuzwa kando ya barabara nyingi za Mombasa bara, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe. Mnunuzi anayejua anachokitafuta hamtazami mbuzi rangi wala pembe kwanza. Humshika taya, humfunua mdomo wa chini, akayahesabu meno ya mbele. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi zaidi katika mwambao huu, mbuzi na ng'ombe wa kuchinjwa siku hiyo hupaswa kuwa wametimiza miaka miwili. Kondoo hutosha akitimiza mwaka mmoja, au akiwa ameng'oka meno ya mbele kabla ya mwaka huo kutimia. Mfugaji aghalabu haandiki tarehe ya kuzaliwa kwa mnyama wake, hivyo jino ndilo linaloshika nafasi ya cheti. Si ajabu basi kuwa neno musinna, ambalo mafakihi hulitumia kwa mnyama aliyefikia umri unaotakiwa, lina asili moja na neno la Kiarabu sinn, lenye maana ya jino na vilevile umri.

Mbuzi hana meno ya mbele katika taya la juu. Pale pana ufizi mgumu tu. Katika taya la chini anayo manane. Jozi ya kwanza ya meno ya utotoni hupisha yale ya ukubwani baina ya mwaka 1 na mwaka 1 na nusu, ya pili mnyama akikaribia miaka 2, ya tatu akikaribia miaka 3, na ya nne baadaye kidogo. Haya huyajua vyema wachuuzi wa mbuzi ambao hawajawahi kuingia katika darasa lolote la tiba ya mifugo. Hata hivyo, kuyasoma meno ni jambo moja na kuyatibu ni jambo jingine. Makala haya yanakusudia kueleza njia anayopitia mtu mpaka akatambuliwa kuwa bingwa wa tiba ya meno ya wanyama, na kuonyesha mahali ambapo msamiati wa Kiswahili, kama unavyotumika sasa, unaweza kumpoteza kijana wa Likoni anayetaka kuifuata njia hiyo.

Kinywa si jino pekee

Huenda msomaji akauliza iwapo meno ya wanyama yanastahili ubingwa wa peke yake. Jibu limo katika tofauti kubwa zilizopo baina ya kinywa kimoja na kingine. Mbwa mzima ana meno 42, paka ana 30, mbuzi ana 32. Magego ya punda hayafanani na ya binadamu hata kidogo: huendelea kutoka ufizini kwa kiasi cha milimita 2 hadi 3 kila mwaka huku yakisagika kwa malisho, na yasiposagika sawasawa huota kingo kali zinazoukata ulimi na mashavu. Punda wa namna hiyo hukonda huku chakula kiko mbele yake. Tiba ni kuzisawazisha kingo hizo kwa tupa maalumu, kazi inayohitaji mkono uliofunzwa, kwani tupa ikipita kiasi jino hudhurika.

Kisauni yenyewe ina mfano mashuhuri. Baada ya mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, kiboko mchanga aliyepewa jina la Owen aliokolewa karibu na Malindi na kuletwa Haller Park, Bamburi, alikojinasibisha na kobe mkubwa aitwaye Mzee. Picha za wawili hao zilizunguka dunia nzima. Mtaalamu wa meno angeona jambo jingine katika picha hizo. Chonge za kiboko hukua maisha yake yote, na zile za chini zaweza kufikia sentimita 50. Kobe naye hana jino hata moja, wala si kwa sababu ya uzee, bali kobe wote wameumbwa na mdomo mgumu mfano wa ndege. Wanyama wawili wanaolala pamoja wanamtaka tabibu elimu mbili mbalimbali.

Lipo jambo zito zaidi. Ng'ombe anayetokwa na mate na kukataa malisho anaweza kuwa na jino bovu. Anaweza pia kuwa na ugonjwa wa miguu na midomo, au, kwa bahati mbaya kubwa, kichaa cha mbwa, maradhi ambayo huwapata ng'ombe, punda na mbuzi pia na ambayo dalili zake zikishadhihiri kwa binadamu hakuna dawa. Si mara moja watu wametia mikono katika kinywa cha mnyama wakidhani wanatafuta mfupa uliokwama. Hii ndiyo sababu ya msingi ambayo kwayo njia ya ubingwa haimruhusu mtu kuanza na meno moja kwa moja. Sharti kwanza awe daktari wa mnyama mzima.

Ngazi zilizoko nyumbani

Nchini Kenya, udaktari wa mifugo husomwa kwa miaka 5 katika shahada ya kwanza. Kitivo kikongwe zaidi ni kile cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoko Kabete; Chuo Kikuu cha Egerton nacho hutoa shahada hiyo. Mombasa haina kitivo cha aina hiyo, wala Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi hakina, ingawa sayansi ya wanyama hufundishwa huko. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mtongwe au Mtopanga huianza safari yake kwa kusafiri kiasi cha kilomita 500 kwenda bara, akiwa na alama nzuri za biolojia na kemia kutoka shule ya upili.

Baada ya shahada huja usajili. Sheria ya mwaka 2011 inayowahusu madaktari wa mifugo na wataalamu wasaidizi iliipa Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya mamlaka ya kusajili na kutoa leseni, na inamkataza asiyesajiliwa kufanya kazi hiyo. Sheria hiyo inawatambua pia wataalamu wasaidizi, yaani wenye cheti au stashahada kutoka vyuo kama vile vya afya ya mifugo vya Kabete, Nyahururu na Ndomba. Hao ndio wanaomfikia mfugaji mara nyingi zaidi, na mchango wao haufai kubezwa. Lakini njia ya ubingwa haipiti kwao bila ya kurudi kwanza kusoma shahada.

Daktari aliyesajiliwa anaweza kuendelea Kabete na kusoma shahada ya uzamili katika upasuaji wa mifugo. Hapo ndipo ngazi za nyumbani zinapokoma. Si Kabete, si Sokoine kule Morogoro, si Makerere, hakuna chuo katika Afrika Mashariki kinachomtoa bingwa wa meno ya wanyama kwa maana ambayo neno hilo limepewa kimataifa. Kazi ya meno hufanywa kama sehemu ya kazi nyinginezo. Kule Lamu, kwa mfano, shirika la Uingereza liitwalo The Donkey Sanctuary lilianza mwaka 1987 kuwatibu punda bila malipo, na kwa mtu wa pwani anayetaka kufahamu namna afya ya punda inavyoangaliwa kwa jumla, hakuna mahali pa karibu panapofaa zaidi.

Ngazi zilizoko ng'ambo

Vyombo viwili ndivyo vinavyotambulika zaidi: American Veterinary Dental College, kilichoundwa mwaka 1988, na European Veterinary Dental College, kilichoundwa mwaka 1998. Taratibu zao zinatofautiana katika vipengele, ila mkondo ni mmoja. Mwenye shahada hufanya kwanza mwaka mmoja wa utarajali akizunguka katika idara mbalimbali za hospitali ya wanyama, au huonyesha tajiriba ya kazi inayolingana na hiyo. Kisha huingia katika mafunzo ya ubingwa ambayo kwa kawaida huchukua miaka 3, na zaidi kwa asiyesoma muda wote, chini ya uangalizi wa mtu ambaye tayari ni bingwa. Katika kipindi hicho huweka daftari la kila mgonjwa aliyemtibu: ufizi, mizizi ya meno, mataya yaliyovunjika, uvimbe wa kinywani. Hutakiwa kuchapisha utafiti katika jarida la kitaaluma. Mwishoni hukabiliwa na mtihani. Kwa mabingwa wa Ulaya hata kufaulu hakumalizi kazi, kwa kuwa hupaswa kuthibitishwa upya kila baada ya miaka 5.

Ukijumlisha, ni miaka 9 kwa uchache tangu siku ya kwanza Kabete, na hakuna anayepaswa kuitegemea hesabu hiyo sana. Nafasi za mafunzo ni chache na zinawaniwa na wahitimu wa dunia nzima. Juu ya hayo, shahada ya Kenya haimpi mwenye nayo ruhusa ya moja kwa moja ya kutibu Marekani au Uingereza. Kila mojawapo ina mitihani yake ya kumpima daktari aliyesomea kwingineko. Gharama za mitihani hiyo, pamoja na viza na makazi, ndizo zinazowarudisha wengi nyuma, na hapa ingefaa kusema wazi kuwa kikwazo kikubwa si akili.

Maneno yanayopotosha

Katika safari yote hii lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini mzazi wa Changamwe anayetaka kuelewa mwanawe anasomea nini hana pa kusoma habari hizo kwa lugha yake. Anayejaribu kumtafsiria hukumbana na jambo la kushangaza kidogo. Maneno ya kinywani yapo tele: chonge, gego, ufizi, taya, pengo, kibogoyo. Ule utando unaoganda juu ya meno na kuuozesha ufizi, ambao ndio adui mkubwa wa mbwa na paka, una jina lake la siku zote, ukoga. Dawa ya kumlaza mgonjwa ili asafishwe meno ni nusukaputi. Kamusi ya Tiba iliyotolewa na TUKI mwaka 2003 ilionyesha kuwa taaluma ya tiba inaweza kuelezwa kwa Kiswahili. Mashaka huanza pale msemaji anapotoka kinywani na kuingia katika vyeti.

Chukua neno ambalo Waingereza humwita bingwa aliyefaulu mtihani. Limeundwa kutokana na diploma. Mfasiri mwenye haraka ataandika mwenye stashahada, na kwa kalamu moja atakuwa amemshusha mtu wa miaka 9 hadi chini ya shahada ya kwanza, maana katika mfumo wetu stashahada hutangulia shahada. Mwingine atafuata sauti tu na kuandika mwanadiplomasia, na bingwa wa meno ya paka ageuke balozi. Neno lililo salama ni bingwa lenyewe, ambalo hospitali za binadamu zimekwisha kulizoea katika daktari bingwa.

Neno la pili ni lile la mafunzo ya miaka 3. Kiingereza kinakiita kipindi hicho kwa jina la ukaaji, kwa sababu hapo zamani madaktari wanaojifunza waliishi humo humo hospitalini. Likitafsiriwa ukaazi, msomaji wa Likoni atafikiria barua ya chifu. Uanagenzi wa ubingwa ungefaa zaidi, kwa kuwa mwanagenzi hujifunza kazi kwa kuifanya mbele ya fundi wake, na hivyo ndivyo ilivyo.

La tatu ndilo lenye hatari kubwa. Vyombo vile viwili vya Marekani na Ulaya vina neno la chuo katika majina yao ya Kiingereza, lakini si vyuo. Havina mabweni, havina madarasa, na mtu haombi kujiunga navyo kama anavyoomba kujiunga na Kabete. Ni mabaraza ya mabingwa yanayoweka viwango na kutahini. Tafsiri sahihi ni baraza. Kijana aliyeambiwa kuna Chuo cha Meno ya Wanyama huko Marekani ataanza kutafuta karo, na akiitafuta hatakosa mtu wa kuipokea. Kozi fupi za siku mbili tatu za meno ya wanyama zipo, nyingine nzuri sana kwa daktari aliye kazini, na hutoa cheti cha kuhudhuria. Cheti hicho hakimfanyi mtu bingwa hata kikiwekwa kwenye fremu ya dhahabu. Jino la pembe si dawa ya pengo.

Kwa mwanafunzi ambaye amekwisha fika Kabete, kuna jambo ambalo halimhitaji kusubiri viza. Mabaraza huhukumu kwa kumbukumbu, na kumbukumbu huweza kuanza mapema: chati ya kinywa cha kila mbwa anayelazwa kwa sababu nyingine, picha ya eksirei ya taya inapopatikana, maelezo ya umri wa mbuzi kwa meno yakilinganishwa na umri unaojulikana na mfugaji. Likizoni, akiwa Mwakirunge au Shika Adabu, atawakuta wachuuzi wa mbuzi wenye maelezo ambayo vitabu vyake havina, nao watamweleza kwa Kiswahili.