Akiba ya Nyumba Ugenini



Mvua iliyonyesha hapa Jumanne ya tarehe 16 Aprili 2024 ingali ikizungumzwa katika kila baraza tunaloketi, wala si ajabu. Wataalamu wa hali ya hewa wa nchi hii walieleza kwamba mfano wake haujapata kuonekana tangu takwimu zilipoanza kuwekwa mwaka 1949. Mahali paitwapo Khatm Al Shakla, upande wa Al Ain, zilipimwa milimita 254.8 katika muda usiotimia saa 24. Uwanja wa ndege wa Dubai uligeuka ziwa, na safari zaidi ya 1,000 zikafutwa. Magari yalizama katika barabara kuu, na katika baadhi ya mitaa ya Sharjah, kama vile Al Majaz na Al Qasimia, ambako wamo jamaa zetu, maji yalikataa kuondoka siku baada ya siku.

Tulipoweza kuwafikia wenzetu na kuwajulia hali, lililotushughulisha zaidi si maji yaliyokuwa barabarani, bali ukosefu wa maji uliokuwa ghorofani. Katika majengo ambayo chumba cha mitambo kiko chini, umeme ulipozimwa pampu nazo zilisimama. Tangi la juu ya paa likatoa lililokuwa nalo, kisha mifereji ikakauka. Lifti haikwenda. Wanawake wenye watoto wachanga walishuka ngazi za ghorofa kumi na kupanda tena wakiwa na ndoo mkononi, na wazee wakabaki juu kama waliowekwa kizuizini. Kijana wa pikipiki, ambaye siku zote huleta hata kiberiti mpaka mlangoni, hakuweza kuvuka. Nyumba nyingi hazikuwa na tochi wala chupa tatu za maji, seuze chakula kisichohitaji moto.

Jambo hili linatustaajabisha kwa sababu sisi hatukutoka katika watu wasiojua shida. Waliokulia Tanzania wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wakati sukari, sabuni na unga wa ngano vilipokuwa vitu vya foleni, na nguo zikafuliwa kwa majani ya mpapai. Waliotoka Kenya wanakumbuka ukame wa mwaka 1984 na mahindi ya manjano yaliyoagizwa kutoka nje, ambayo watoto waliyala wakinuna. Wa Unguja hawahitaji hata kukumbuka mbali hivyo. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa gizani miezi mitatu, baada ya kuharibika mtambo unaopokea umeme wa bara uletwao kwa waya wa chini ya bahari. Na kabla ya hapo, Mei na Juni 2008, giza kama hilo lilidumu kiasi cha mwezi mmoja.

Tuangalie watu waliishi vipi katika miezi ile mitatu. Pampu za maji zilisimama, kama zilivyosimama hapa. Lakini palikuwa na visima vya kale uani, ambavyo vijana walikuwa wakivicheka, na ghafla mwenye kisima akawa tajiri wa mtaa. Palikuwa na seredani na mkaa, palikuwa na mtungi wa udongo ambao bibi alikataa usitupwe, palikuwa na taa za chemni. Samaki aliyekuwa akitiwa katika barafu alirudi kutiwa chumvi na kuanikwa. Hapana nyumba iliyojitosheleza: yenye chumvi iliipa yenye mafuta ya taa, na yenye mafuta ya taa ikapokea watoto wa jirani waje wasomee mwanga wake. Hakuna aliyeyaita mambo haya maandalizi. Yalikuwa ndiyo nyumba yenyewe.

Hapa Dubai tumeyaacha, na sababu zake zinafahamika. Chumba ni kidogo, na wengine wetu wanaishi familia mbili katika nyumba moja kwa kugawana kodi. Duka liko chini ya jengo na halifungwi. Tena jua la nchi hii si rafiki wa ghala. Waliosema akiba haiozi hawakupata kuweka unga wa sembe juu ya kabati la jikoni mwezi wa Agosti, fukusi wangewafundisha.

Kwa hiyo akiba ya ghorofani haina budi kuwa ndogo, na iwe ya vitu vinavyozunguka, yaani kilicholetwa mwanzo kiliwe mwanzo na kipya kiwekwe nyuma. Tuanze na maji. Mtu mmoja huhitaji kiasi cha lita 4 kwa siku kwa kunywa na kupikia, na zaidi wakati wa joto. Familia ya watu watano itahitaji lita 60 kwa siku tatu, nazo ni karibu sawa na chupa tatu kubwa za maji, zile za lita 19 ambazo hubadilishwa mlangoni. Basi anayetumia mbili na awe na tano, na asingoje ya mwisho iishe ndipo apige simu. Ndoo moja ya maji ya mfereji yenye kifuniko ikae msalani, nayo ibadilishwe kila wiki.

Katika vyakula, tunasifu tende kuliko vyote. Haitaki moto, haitaki maji wala friji, na katika nchi hii ni rahisi kupatikana. Ziongezwe maziwa ya unga, samaki wa mkebe, karanga na biskuti kavu. Mchele, dengu na choroko ni vizuri kwa shida ya mshahara, lakini kwa shida ya umeme havitawafaa wenye jiko la umeme. Mishumaa hatuishauri kabisa katika majumba haya marefu yenye mapazia. Tochi mbili na betri ya kuchajia simu hutosha. Mtoto mwenye umri wa kusoma ajue kwamba polisi ni 999, gari la wagonjwa ni 998 na zimamoto ni 997. Ajue pia kutaja kwa sauti jina la jengo na namba ya mlango, maana tumekuta watoto werevu sana wasiojua wanakaa wapi ila kwa kuonyesha kwa kidole.

Hayo ni ya siku tatu. Ipo shida ya miezi mitatu, nayo tuliionja mwaka 2020. Tarehe 25 Machi ndege za abiria zilisimamishwa. Tarehe 31 Machi mtaa wa Al Ras, pale Deira, ambapo wafanyabiashara wetu wa viungo wamezoea kununua, ulifungwa kwa wiki mbili. Tangu tarehe 4 Aprili mji mzima ukaamriwa kubaki majumbani mchana na usiku, mpaka mwanzo wa Ramadhani ulipolegezwa. Madukani vyakula havikukosekana. Kilichokosekana ni mshahara, na waliopunguzwa kazi hawakuweza hata kurudi kwao.

Tangu tarehe 1 Januari 2023 ipo bima ya kupoteza kazi, ambayo ni lazima kwa waajiriwa wa kampuni binafsi na wa serikali ya shirikisho. Mwenye mshahara wa msingi usiozidi dirham 16,000 hulipa dirham 5 kwa mwezi, na asiyejiandikisha hutozwa faini ya dirham 400. Aliyechangia miezi 12 na kuachishwa kazi pasipo kosa la nidhamu hulipwa asilimia 60 kwa muda usiozidi miezi mitatu, ilimradi apeleke madai ndani ya siku 30. Lakini tusome kwa makini: ni asilimia 60 ya mshahara wa msingi, si ya jumla ya malipo. Wengi wetu mikataba yao huonyesha mshahara wa msingi mdogo na posho kubwa. Anayepokea dirham 3,000, ambazo katika hizo msingi ni 1,200, atapata 720 kwa mwezi. Aliyejiuzulu mwenyewe hapati kitu, na wafanyakazi wa majumbani hawamo kabisa. Bima hiyo itanunua mchele, kodi haitalipa.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo huwaudhi baadhi ya wasomaji. Desturi yetu ni kupeleka nyumbani kwanza, kisha kuishi kwa kilichobaki. Ni desturi ya heshima, na hatuna nia ya kuivunja, maana ada za shule na dawa za wazazi hazingoji. Hata hivyo, anayepeleka chote hujiweka mahali ambapo mwezi mmoja bila mshahara utawafanya wale wale aliowapelekea wauze shamba ili wamrudishe. Tungependa kila nyumba iwe na fedha za mwezi mmoja wa kodi na chakula pamoja na nauli ya kurudi ya kila mtu, zisizoguswa kwa harusi wala kwa bati la nyumba ya kijijini. Wanaocheza upatu, au chama kama wasemavyo ndugu zetu wa Kenya, wanaweza kukubaliana kwamba zamu moja katika mwaka iwe ya kujaza mfuko huo.

Wala tusitegemee kwamba msiba ukifika watu watachangishana kama kwetu. Sheria ya mwaka 2021 inawakataza watu binafsi kukusanya michango pasipo kuwa na kibali, hata kwa ujumbe wa simu na hata kwa nia njema. Kwetu mchango hutangulia sanda; hapa unaweza kumfikisha mwenye huruma mahakamani.

Lililotutia kalamu mkononi mwezi huu, hata hivyo, ni jingine. Tunaifahamu familia moja ya Al Qusais ambayo baba alishikwa na kiharusi akiwa kazini. Mkewe ni mwanamke hodari, mwenye elimu, na kabati lake lilikuwa na mchele wa miezi miwili. Lakini mkataba wa nyumba ulikuwa kwa jina la mume, umeme na maji kwa jina la mume, akaunti ya benki ya mume, na ukaazi wa mke na watoto watatu ukitegemea viza ya mume. Hundi ya kodi ilikuwa ikikaribia tarehe yake na yeye hakujua ni tarehe gani. Simu yenye habari zote hizo ilifunguka kwa kidole cha mume tu, na kidole hicho kilikuwa katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Nyumba zetu nyingi hapa zimesimama hivyo, juu ya jina moja. Mwenye jina hilo akifariki, benki huweza kuifunga akaunti yake mpaka mahakama iamue mirathi. Hundi ikirudi, hata baada ya sheria kulegezwa mwaka 2022, mwenye nyumba huweza kuipeleka moja kwa moja kwenye utekelezaji. Viza ikifutwa na siku za ruhusa zikaisha, faini ni dirham 50 kwa kila mtu kwa kila siku. Familia ya watu watano ni 250 kila kunapokucha. Msamaha uliotolewa tangu Septemba hadi Desemba 2024 uliwaokoa wengi waliofikia hapo, lakini msamaha hauna ratiba.

Basi mume na mke waketi jioni moja, televisheni ikiwa imezimwa, waandike kwa mkono katika karatasi moja: tarehe za hundi, namba ya akaunti ya umeme na maji, jina la benki, namba ya mwajiri, ya mwenye nyumba na ya ubalozi mdogo wetu hapa Dubai. Mke awe na akaunti yake mwenyewe, hata kama ina dirham chache. Karatasi hiyo ikae katika mfuko wa plastiki pamoja na pasipoti zote, nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo na cheti cha ndoa kilichothibitishwa na wizara ya mambo ya nje ya kwetu na kisha na ya huku. Mwajiri hana haki ya kuzuia pasipoti ya mtu, hivyo hiyo isiwe sababu ya kukosekana mfukoni. Mtoto aliyezaliwa hapa hupewa siku 120 kupatiwa ukaazi, na pasipoti yake huanzia ubalozini, ambako fomu huchukua muda. Walio na wachanga na waanze sasa.