UWINDAJI WA MGAO: MNYAMA AHESABIWE, NA MFANYAKAZI NAYE AHESABIWE



Jina la jiji letu la Kampala limetokana na swala pala. Zamani vilima hivi vilikuwa malisho ya pala na mahali pa kuwindia pa Kabaka wa Buganda, hata wenyeji wakapaita kilima cha pala. Leo pala hayuko tena Kampala. Anayetaka kumwona akiwa porini huweza kusafiri hadi Ziwa Mburo, upande wa Mbarara. Huko ndiko uwindaji wa mgao ulikoanzishwa kwa majaribio mwaka 2001, baada ya uwindaji kupigwa marufuku kwa zaidi ya miaka 20.

Huenda mwanachama akauliza: habari za uwindaji zinakihusu nini chama cha wafanyakazi? Zinatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu katika mashamba ya chai na miwa tunaishi jirani na misitu na hifadhi, na wapo wenzetu wanaopelekwa mahakamani kwa ajili ya kipande cha nyama ya porini. Pili, kazi ya shamba inapopungua, baadhi yetu huchukuliwa vibarua katika misafara ya wawindaji ili kufuata nyayo, kubeba mizigo, kuchuna na kupika. Mara nyingi makubaliano huwa ya mdomo tu. Yafaa basi tuelewe kazi hii inavyotayarishwa, nani ana haki gani, na hatari ziko wapi.

MGAO NI KITU GANI

Mgao ni idadi ya wanyama ambao serikali imekubali wawindwe katika eneo fulani kwa muda fulani. Idadi hiyo hutokana na hesabu. Maofisa huhesabu wanyama kwa miguu, kwa gari au kwa ndege, kisha hukadiria wangapi huzaliwa na wangapi hufa.

Tuchukue mfano, ambao si hesabu ya mahali fulani. Eneo lina pala 500. Kwa mwaka huzaliwa 120, na 90 hufa kwa chui, ukame na magonjwa. Ziada ni 30. Mwenye busara hatatoa mgao wa 30. Atatoa labda 10, maana hesabu huweza kukosea na ukame huweza kuja bila kubisha hodi. Tena atataka wawindwe madume wazee, kwa kuwa dume mmoja hutosha majike wengi, na dume mzee akiondoka kundi halipungukiwi na uzazi.

Sasa tuongeze mitego ya waya. Tuseme mitego imeua pala 40 ambao hakuna aliyewaandika. Ziada ya 30, tukitoa 10 wa mgao na 40 wa mitego, kundi limepungukiwa na 20. Mwaka ujao mgao utafutwa, na fedha zote zilizokuwa zije kijijini zimekwisha. Waya hauchagui dume wala jike, mkubwa wala mdogo. Katika msitu wa Budongo, unaopakana na mashamba ya miwa, mitego iliyotegwa kwa ajili ya paa na nguruwe hunasa sokwe pia, na sokwe wengi wa huko wana mikono au miguu iliyolemaa kwa sababu hiyo.

JINSI TULIVYOFIKA HAPA

Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 nchi ilijaa bunduki na sheria ikalegea. Tembo wa Uganda, ambao katika miaka ya 1960 walikadiriwa kuwa 30,000 hivi, walibaki kama 2,000. Vifaru wa porini walimalizika kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1979, baada ya utawala wa Amin kuanguka, uwindaji ulipigwa marufuku.

Lakini marufuku peke yake haikutosha, na habari za Ziwa Mburo zinatuonyesha sababu. Mwaka 1983 serikali ilitangaza eneo lile kuwa hifadhi ya taifa, na wafugaji wakaondolewa. Serikali ile ilipoanguka mwaka 1985, watu walirudi na kuwaua wanyama kwa wingi. Hawakufanya hivyo kwa kuwa ni watu wabaya. Kwao mnyama alikuwa sababu ya kufukuzwa nyumbani, wala hawakuona faida yoyote ya kumwacha hai. Baadaye hifadhi ilipunguzwa ukubwa, na pala wengi wakabaki wakila majani pamoja na ng'ombe katika ardhi ya watu.

Ndipo ulipotokea mpango wa mwaka 2001. Wawindaji walipe ada, wapige idadi ndogo iliyohesabiwa nje ya mipaka ya hifadhi, na sehemu ya fedha iwafikie wenye ardhi na vyama vyao ili waone faida ya kumlinda mnyama. Baadaye uwindaji wa namna hiyo ulifika sehemu nyingine, kama Kabwoya karibu na Ziwa Albert na Pian Upe kule Karamoja.

KIBALI KWANZA, BUNDUKI BAADAYE

Kwa sheria ya Uganda, mnyama wa porini ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi, hata akilala katika shamba lako. Mwenye ardhi hana ruhusa ya kumuua kwa kuwa tu amemkuta kwake. Haki hupatikana kwa kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ambayo makao yake makuu yako Kamwokya, Barabara ya Kira, hapa Kampala. Mamlaka hiyo iliundwa mwaka 1996 kwa kuunganisha idara ya hifadhi za taifa na idara ya wanyama. Sheria inayotumika sasa ni ya mwaka 2019.

Kabla hujakubali kwenda na msafara wowote, uliza maswali haya manne:

1. Kibali kiko wapi, na kimeandikwa jina la nani?

2. Kinaruhusu mnyama gani, na wangapi? Kibali cha pala si kibali cha nyati.

3. Kinataja eneo gani? Ndani ya hifadhi ya taifa uwindaji hauruhusiwi.

4. Kinaanza na kuisha lini?

Bunduki nayo ina leseni yake chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, na polisi ndio wanaohusika. Ndugu, usibebe bunduki ya mtu mwingine kwa kuambiwa "nishikie tu." Akija askari, atakayeulizwa kwanza ni aliyeishika.

Ukiona kibali hakipo, usiende. Sheria ya mwaka 2019 ni kali mno: kwa makosa yanayohusu wanyama walio katika hatari ya kutoweka, adhabu huweza kufika kifungo cha maisha au faini ya shilingi bilioni 20. Kwa wanyama wengine adhabu ni ndogo kuliko hiyo, lakini bado hutosha kuharibu maisha ya kibarua na watoto wake. Tajiri aliyewatuma watu hukaa mjini, na anayekamatwa ni yule mwenye damu mikononi.

MKATABA WA MFUATA NYAYO

Mwenye kampuni ya uwindaji hutayarisha magari, risasi, mahema na chakula cha wageni miezi mingi kabla ya safari. Basi na wafanyakazi watayarishiwe mambo yao mapema vilevile. Mambo ya kudai ni haya.

Mshahara uandikwe: ni wa siku au wa safari nzima, na utalipwa lini. Bahati ya mgeni isiwe kipimo cha mshahara. Asipopata mnyama, mfuata nyayo ametembea maili zile zile na jasho lake ni lile lile. Bahashishi ya mgeni ni zawadi, haiwezi kuhesabiwa kuwa mshahara.

Kibarua asifanywe kibarua milele. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema kwamba anayefanya kazi ya kibarua kwa mwajiri mmoja mfululizo hadi kupita miezi minne anastahili mkataba wa maandishi. Michango ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii nayo ni lazima: mwajiri asilimia 10 na mfanyakazi asilimia 5. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, hata mwajiri mwenye wafanyakazi wachache hana udhuru.

Vifaa vya kujikinga ni juu ya mwajiri, kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Kwa kazi hii vifaa hivyo ni viatu vya kufunika mguu, glovu za mchunaji, maji safi ya kutosha na sanduku la huduma ya kwanza. Kabla ya kutoka, kila mmoja ajue hospitali ya karibu iko wapi na gari gani litampeleka majeruhi.

Ajali ikitokea kazini, Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi inamtaka mwajiri alipe. Mfanyakazi akifa, wategemezi waliomtegemea kabisa hustahili mishahara yake ya miezi 60. Lakini fidia hupimwa kwa mshahara, na mshahara ambao haukuandikwa popote ni vigumu kuuthibitisha. Ndiyo maana tunasisitiza karatasi. Ajali iarifiwe mara moja, na majina ya mashahidi yaandikwe.

SIKU YENYEWE PORINI

Uwindaji mwema huanza alfajiri, wakati jua halijawa kali na mnyama yuko malishoni. Watu hutembea kuelekea upepo unakotoka, maana pala akinusa harufu ya mtu hasubiri. Anayeongoza ni mfuata nyayo, na hapa ndipo hatari ilipo: yeye yuko mbele na bunduki iko nyuma yake. Kabla ya kuanza safari mkubaliane kwamba risasi haingii chemba mpaka mfuata nyayo amerudi nyuma ya mpigaji. Hakuna mtu kupiga mnyama aliye juu ya kilele cha kilima, kwa sababu risasi ikimkosa itakwenda upande wa pili ambako hujui kuna nani. Katika nchi ya wafugaji, huko huenda yuko mtoto anayechunga ndama.

Mnyama aliyejeruhiwa afuatwe mpaka apatikane. Huo ni wajibu kwa mnyama mwenyewe, na ni wajibu kwa hesabu, kwa kuwa aliyejeruhiwa akapotea atakufa kichakani na yafaa ahesabiwe katika mgao. Lakini kumfuata nyati aliyejeruhiwa ni kazi ya mwenye bunduki na ujuzi. Mpagazi asiye na silaha asitangulizwe kuingia kichakani.

Mnyama akianguka, aandikwe papo hapo: aina, dume au jike, mahali na tarehe. Mchunaji aharakishe kutoa matumbo na kupoza nyama kivulini, maana joto letu huoza nyama kwa saa chache. Tena jambo hili likumbukwe na kila mmoja: mnyama aliyekutwa amekufa mwenyewe asiguswe wala asichunwe. Mwaka 2004 kimeta kiliua viboko kwa mamia katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, na ugonjwa huo humwingia binadamu kwa kugusa au kula mzoga. Toeni habari kwa askari wa wanyamapori au daktari wa mifugo.

NYAMA NA FEDHA

Mnyama aliyepigwa kwa kibali huwa mali halali ya mwenye kibali. Kwa hiyo mkikubaliana kwamba wafanyakazi au kijiji watapata nyama, iandikwe ni kiasi gani, na anayeichukua apewe karatasi ya kuonyesha njiani. Nyama isiyo na karatasi haina tofauti na ya jangili machoni pa askari.

Kuhusu fedha, wanachama wanaoishi jirani na maeneo haya wana haki ya kuuliza katika mikutano ya hadhara: wanyama wangapi waliwindwa, ada ilikuwa kiasi gani, na sehemu ya kijiji imefanya nini. Tusichanganye fedha hizo na zile nyingine, yaani asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi, ambayo sheria inataka iende kwa serikali za wilaya zinazopakana na hifadhi. Ni mifuko miwili tofauti, na kila mmoja uulizwe kwa jina lake.

Wapo wanaosema kwamba uwindaji wa mgao ni starehe ya matajiri wa nje, nasi hatuwezi kuwaambia kwamba wanasema uongo. Mgeni anayelipa dola nyingi kwa pembe za pala na mchunaji anayelipwa shilingi chache hawako sawa. Lakini mchunaji anayejua mgao, aliyesoma kibali na mwenye mkataba mfukoni hawezi kudhulumiwa kirahisi, wala hawezi kutumiwa kufunika ujangili wa mtu mwingine.

Tawi lolote ambalo wanachama wake huchukuliwa katika kazi hizi lifanye mambo matatu kabla ya msimu: liandike majina ya wanaokwenda, lidai nakala ya kibali na ya mkataba, na liteue mtu mmoja wa kupokea habari za ajali. Mnyama akipigwa huandikwa siku hiyo hiyo. Mfanyakazi naye aandikwe kabla hajaondoka nyumbani.