Moto wa Chini kwa Kupikia Nje Siku za Kaskazi

Miezi ya kaskazi, toka Desemba hata Machi, ndiyo miezi ya joto kali katika kisiwa chetu cha Mafia. Mchana joto hupita digrii 30, na jiko la ndani, hasa lile lenye kuta za udongo na paa la makuti, huwa kama tanuri. Ndipo mama wa nyumba atoapo vyungu vyake nje, akapika chini ya mwembe. Katika miezi hiyo hiyo huangukia Krismasi, watu wakaalikana kula. Walimu nao huwachukua watoto kwenda pwani siku za mapumziko. Basi mioto ya nje huwa mingi. Nasi twaona yafaa kuandika habari za moto huo, maana watu wengi huuwasha nje vile vile kama walivyozoea kuuwasha ndani: mafiga matatu juu ya nchi, kuni ndefu zimechomoza pande zote, na ndimi za moto zinalamba chungu mpaka shingoni.

Moto wa namna hiyo haufai katika upepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, nayo haina huruma na moto ulio juu. Joto ambalo lingeingia chunguni huchukuliwa na upepo likapotea. Mpishi akiona maji hayachemki huongeza kuni, na kadiri aongezavyo kuni ndivyo joto limpigavyo yeye mwenyewe usoni na miguuni. Tena liko jambo ambalo wengi hawalikumbuki: katika jua kali mwali wa moto hauonekani vizuri. Usiku mtoto huuona moto kwa mbali. Saa saba mchana aweza kupita karibu, na nguo yake ikashika kabla hajajua ya kuwa pana mwali.

Na kuna cheche. Makuti ya paa, baada ya majuma machache ya jua la Januari, huwa makavu kama karatasi. Cheche moja ikitua juu yake, nyumba yaweza kuteketea kabla jirani hajafika na ndoo ya pili ya maji.

Wenye kuijua dawa ya mambo haya toka zamani ni watu wa bahari. Wavuvi wetu huenda dago, yaani hupiga kambi siku nyingi katika visiwa vidogo au pwani za mbali, wakifuata samaki. Huko hakuna ukuta wa kuzuia upepo, wala kuni si nyingi, wala maji matamu si ya kumwagwa ovyo. Kwa hiyo mvuvi hutaka moto mdogo: huchimba mchangani, akauweka moto chini ya uso wa nchi, na chungu kikakaa karibu nao. Kadhalika mabaharia wa majahazi wamezoea kupikia katika sanduku lenye mchanga, moto ukikaa chini ya kingo za sanduku, maana juu yake kuna tanga na chini yake kuna mbao. Watu wa Jibondo, wanaosifiwa kwa kuunda majahazi na mashua, hawana haja ya kufundishwa na mwalimu yeyote hatari ya cheche ndani ya chombo. Nao wasomaji wetu watakumbuka moto ule wa ufuoni katika Injili ya Yohana, sura ya 21, uliokuwa na samaki juu yake: ulikuwa moto wa makaa, si wa miali.

Basi moto tunaousifu hapa ni moto wa handaki.

Kwanza mahali pake. Nyumbani pawe mbali na paa lolote, hatua kumi na tano au zaidi, tena nyumba iwe upande wa joshini, yaani upande unakotoka upepo, ili cheche zikiruka ziende mbali nayo. Chini ya mnazi hapafai, ijapokuwa kivuli chake chapendeza. Nazi huanguka bila kubisha hodi, na kuti kavu likianguka juu ya moto huwaka lote mara moja. Kivuli cha mwembe ni chema zaidi, mradi matawi yawe juu. Majani makavu yafagiliwe pande zote, hatua mbili au tatu. Pwani, handaki lichimbwe juu ya mstari wa maji ya bamvua, maana chini ya hapo mchanga una maji ndani yake, nao hula joto lote.

Lakini hapa hatuna budi kusema habari za kasa. Kasa hutaga katika fukwe za Mafia, hasa zile za kisiwa cha Juani zinazoelekea bahari kuu. Mama kasa huyafukia mayai yake mchangani, chini kiasi cha nusu mita, nayo hukaa humo karibu miezi miwili hata yaanguliwe. Upepo ukiisha kuzifuta nyayo zake, juu hapana alama. Mtu awashaye moto hapo aweza kuyaoka mayai zaidi ya mia asijue. Tena watoto wa kasa watokapo usiku hufuata mwanga, kwa kuwa tabia yao ni kuuelekea mwanga ulio juu ya bahari. Wakiona moto mkubwa ufuoni huufuata huo, wakaiacha bahari. Sehemu hizo, pamoja na Chole, Jibondo na Utende, zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyowekwa mwaka 1995, yenye eneo la kilomita za mraba 822. Mwalimu aendaye huko na watoto awaulize kwanza walinzi wa hifadhi na wazee wa kijiji ni wapi pa kuwashia moto. Akiambiwa hapana, watoto wale maandazi na madafu. Hawatakufa kwa hayo.

Handaki lenyewe si kazi ya kuchosha. Urefu wake ni dhiraa moja na nusu. Upana upungue kidogo kuliko kitako cha sufuria, ili sufuria ikae juu ya kingo isitumbukie. Kina chake ni shibiri moja, kama sentimita 23, na kwa sufuria kubwa shibiri moja na nusu. Lielekezwe kwenye upepo, yaani mdomo wake mmoja uwe kaskazini-mashariki, na mdomo huo uchimbwe kwa mteremko ili hewa ishuke na kupita chini ya kuni. Upande wa pili paachwe nafasi ya vidole vinne mbele ya sufuria, moshi upate kutoka. Mpishi akae ubavuni au joshini, asikae kamwe mwishoni penye moshi. Upepo ukizidi, mdomo uzibwe nusu kwa kipande cha bati. Huko Marekani wako watu wachimbao mashimo mawili yaliyoungana chini kwa chini, moja la moto na moja la kuvuta hewa. Ni akili nzuri katika udongo mzito. Katika mchanga wetu njia ile ya chini huporomoka kabla maji hayajapata moto.

Faida ya handaki mpishi huijua mara akaapo karibu nalo. Joto la moto huenda pande zote kwa mstari ulionyoka, kama mwanga wa taa. Moto ukiwa juu ya nchi, joto la pembeni humpiga mpishi. Ukiwa ndani ya handaki, kuta za mchanga hulipokea, na lile liendalo juu hukutana na sufuria. Kuni zilizokuwa zikipika chungu kimoja huanza kutosha na cha pili.

Mchanga, hata hivyo, huporomoka kingoni. Wengi hukimbilia mawe ya pwani ili kuukinga, na hapa twaomba wasomaji wasikilize sana. Wazee wa Mafia wazijua tanuri za chokaa: matumbawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa, yakawa chokaa ya kujengea. Jambo lile lile huweza kutokea katika jiko, ingawa kwa uchache. Jiwe la tumbawe likipata moto mkali kwa muda mrefu, uso wake hugeuka kuwa chokaa kali, na maji yakilimwagikia huchemka na kuunguza. Zaidi ya hayo, tumbawe lina vitundu vidogo vidogo, na lililotoka majini lina maji ndani yake. Maji yakigeuka mvuke hukosa njia ya kutokea, jiwe likapasuka kwa kishindo, vipande vikaruka kuelekea macho ya watu. Mafiga ya nyumbani yaliyokauka kwa miaka ni mengine. Jiwe la ufuoni si figa. Badala yake zilazwe fito mbili za nondo juu ya handaki, kukingama, sufuria ikae juu yake. Asiye na nondo alaze vipande viwili vya mgomba mbichi, kimoja kila upande: mgomba umejaa maji, haushiki moto upesi, nao huzuia mchanga vizuri kwa mapishi ya siku moja.

Kuni za handaki zi chini ya miguu yetu, maana hii ni nchi ya minazi. Karara na makuti makavu ni ya kuwashia tu, na kwa uchache, kwa kuwa huruka miali na kurusha majivu yenye moto. Vifuu ndivyo bora kupita vyote. Hushika upesi, huwaka kwa nguvu, kisha huacha makaa mazuri. Makumbi hufuka, jioni moshi wake hufukuza mbu, lakini kwa mapishi humtoa mpishi machozi. Vijiti viwe vinene kama kidole gumba, vikatwe shibiri moja moja, visitokeze nje ya handaki. Wako wapendao kuni za mkandaa na mkoko, na kweli ni kuni ngumu zenye makaa ya kudumu. Lakini mikoko haikatwi bila kibali, nayo ndiyo iikingayo pwani isiliwe na bahari, na kati ya mizizi yake hukua kamba na samaki wadogo. Kuukata mti huo kwa ajili ya sufuria moja ya wali ni hasara kwa kijiji kizima.

Habari za moshi si ndogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa ulimwenguni kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani itokanayo na kupika kwa kuni, makaa na mafuta ya taa, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Serikali ya Tanzania katika mwaka 2024 ilitoa mkakati wake, ikikusudia ya kwamba ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Twalipokea shauri hilo kwa furaha kwa ajili ya jiko la nyumbani. Lakini siku mtungi wa gesi ukiisha na mwingine haujavuka maji, au siku ya safari, kuni zitawashwa. Basi na ziwe chache, kavu, na nje penye hewa.

Mapishi yenyewe yapangwe kwa kufuata moto. Mwanzoni, vifuu vikiwa na mwali, maji ya wali yachemshwe. Tui likiisha kuingia na kukaribia kukauka, makaa yavutwe kwa koleo mpaka mwisho wa handaki, machache yabaki chini ya sufuria, na mengine yawekwe juu ya kifuniko, kama mama zetu wapaliavyo wali toka zamani. Yale yaliyovutwa huchoma samaki. Hivyo handaki moja lapika vitu viwili kwa wakati mmoja. Maharage yasipelekwe pwani mabichi. Yachemshwe nyumbani jana yake.

Moto huu una kasoro moja kubwa, nasi hatutaificha. Sufuria ya mafiga hukaa juu kidogo. Sufuria ya handaki iko chini kabisa, sawa na mguu wa mtoto atambaaye, na mpira wa watoto waweza kuifikia. Kwa hiyo ichorwe duara mchangani, hatua mbili toka motoni, na mtu mzima mmoja awekwe hapo asiyeondoka, asiyetumwa maji wala chumvi. Mtoto akiungua, sehemu ile imwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Mafuta, dawa ya meno, yai na unga visipakwe hata kidogo, na jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja chake, au likiwa usoni au mikononi, apelekwe hospitali Kilindoni au zahanati iliyo karibu bila kungoja.

Hata kuzima kuna namna yake. Watu wengi hufukia makaa kwa mchanga wakaenda zao, wakidhani wametenda vema. Mchanga hauzimi upesi. Huyafunika makaa kama blanketi, nayo hukaa na moto saa nyingi, na juu panaonekana salama. Mtoto wa kesho asubuhi, pekupeku, hukanyaga hapo. Makaa yamwagiwe maji polepole, mpishi akisimama upande wa joshini ili mvuke usimpate. Yakorogwe kwa mti, yamwagiwe tena, hata mkono ukiwekwa karibu usisikie joto. Maji ya bahari yatosha kwa kazi hiyo. Ndipo handaki lifukiwe na mchanga usawazishwe. Vipande vya mgomba vitupwe shambani vioze. Fito za nondo zimwagiwe maji nazo kabla ya kuguswa, maana chuma hakibadiliki rangi kikiwa moto kiasi cha kuunguza mkono.