Waliponea chupuchupu: somo la San Francisco



Wengi wetu tukisikia ndege zimenusurika kugongana hudhani ni huko juu angani. La. Usiku wa tarehe 7 Julai 2017, Airbus ya Air Canada yenye watu 140 ilikuwa inatua San Francisco. Pale pana njia mbili za kutulia, zimelala sambamba. Ya kushoto ilifungwa, taa zake zimezimwa. Marubani wakaiona ya kulia wakaidhania ni hiyo ya kushoto, wakaelekea kipito cha pembeni, ambako ndege nne zilijipanga zikingoja zamu ya kuruka!

Rubani mmoja wa chini akapaza sauti redioni. Wenyewe nao wakashtuka, wakapandisha. Walikwishafika futi 60 tu kutoka ardhini. Watu zaidi ya 1,000 wangeweza kupotea.

Kosa ni nini? Tangazo la kufungwa njia walikuwa nalo, lakini limezama ukurasa wa 8 kati ya 27. Na chombo cha kuwaonyesha mstari wa kutulia hawakukitegesha, wakaamini macho. Basi jamani, karatasi nyingi si taarifa, na jicho lililochoka huona linachotarajia.