Kulehemu Mabomba ya Shaba

Mabomba mengi ya maji vijijini ni ya chuma au plastiki. Lakini ya shaba nayo yapo, hasa yale yanayoteremsha maji ya moto kutoka kwenye mtambo wa jua juu ya paa. Bomba la shaba ni jembamba, halikatwi meno kama la chuma. Huungwa kwa lehemu.

Wengi wetu tumemwona fundi wa vibatari akilehemu makopo. Kazi zinafanana, ila kwa jambo moja hazifanani hata kidogo. Lehemu ya vibatari aghalabu ina risasi, yaani madini yale mazito ambayo wavuvi hufanyia chubwi. Kibatari hatukinywi. Maji ya bomba tunayanywa! Risasi huingia majini kidogo kidogo. Haina ladha wala harufu, na kuchemsha maji hakuiondoi. Huharibu ubongo wa watoto wadogo. Marekani ilikataza lehemu ya namna hiyo katika mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986.

Je, dukani tutaitambuaje? Kwa macho zote ni waya mweupe tu. Basi tusome karatasi yake. Herufi Pb ni risasi. Sn60Pb40 maana yake ni bati sehemu 60 na risasi sehemu 40. Hiyo tuiache. Tutafute kama Sn97Cu3, yaani bati 97 na shaba 3. Bei yake iko juu, lakini ndiyo hiyo. Ikiwa haina karatasi, na mwenye duka anasema, "Chukua tu mzee, hii safi," tusichukue.

Sasa kazi yenyewe. Tufunge maji, tufungue koki ya chini, bomba likauke kabisa. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Lehemu hii huanza kuyeyuka kwenye joto la nyuzi 230 hivi, na maji huchemka kwenye nyuzi 100. Tone likibaki ndani, kiungo hakitapata moto wa kutosha hata tukichoma mpaka jioni. Tone likikataa kuisha, mafundi husukumia ndani kipande cha mkate mweupe. Hunyonya maji, na baadaye hulowa na kutoka kwenye koki.

Tusugue kwa msasa ncha ya bomba na ndani ya kiungo mpaka ving'ae, tupake dawa ya kulehemu, tuchomeke. Moto tuuelekeze kwenye kiungo, wala si kwenye lehemu. Kisha tuguse lehemu upande wa pili. Kiungo kikiwa tayari kitaivuta chenyewe ndani, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Dawa ikiungua ikawa nyeusi, moto umezidi. Hapo tuache kipoe, tukisugue tena.

Nyuma ya kiungo tuweke kipande cha bati, na ndoo ya maji iwe karibu. Makuti hayangoji. Tukishamaliza tusitikise bomba wala kulimwagia maji; lipoe lenyewe. Halafu tufungue maji, ya kwanza tuyamwage.