Dhamana ya Chombo Kilichomo Kichwani

Mfanyabiashara wa Tunduma, mji uliozoea kuona shehena za Zambia na Kongo zikipita kwa barabara na kwa reli ya TAZARA, hanunui lori kabla ya kujua spea zake zinapatikana wapi na fundi wake ni nani. Na swali hilohilo lastahiki kuulizwa juu ya kichocheo cha ubongo, chombo ambacho nyaya zake huzamishwa ubongoni na betri yake hufichwa chini ya ngozi ya kifua, ili umeme hafifu utulize mtetemeko wa mwenye maradhi ya Parkinson.

Tiba hiyo, iliyoasisiwa na tabibu Alim-Louis Benabid mjini Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, na kuidhinishwa Marekani kwa ajili ya mtetemeko mwaka 1997 na Parkinson mwaka 2002, imo mikononi mwa kampuni chache tajiri: Medtronic, Abbott na Boston Scientific, zikifuatiwa na PINS ya Beijing na SceneRay ya Suzhou. Nafuu yake ni ya kweli, wala simlaumu anayeitamani. Walakini waya huweza kukatika au kuhama, jeraha huweza kuoza, damu huweza kuvuja ubongoni. Na betri isiyochajiwa aghalabu humalizika kwa miaka mitatu hadi mitano, mgonjwa akawa hana budi kupasuliwa tena. Mwaka 2002 wakuu wa afya wa Marekani walitoa hadhari baada ya wagonjwa wawili wenye vichocheo kufariki kwa sababu ya diathemi, tiba ya kukanda misuli kwa joto la mawimbi, inayopatikana katika hospitali nyingi za kawaida.

Kampuni nazo hufa. Second Sight ya California iliwapandikizia watu zaidi ya 350 jicho la bandia liitwalo Argus II, kisha ikaacha kuliunda, na mwaka 2020 ikakaribia kufilisika, ilhali waliokibeba chombo hicho mwilini wakaachwa bila fundi wala spea.

Sasa na tumfikirie mzee wa Ibaba, huko milimani wilayani Ileje. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta wagonjwa 33 wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuelezwa maradhi yao. Nao waliishi karibu na hospitali kubwa ya rufaa ya KCMC, sembuse mzee wa Ibaba. Kwa hiyo haki ya kwanza ya mzee huyu ni tabibu wa kuutambua ugonjwa, na levodopa, dawa ya maradhi hayo, isiyokatika dukani. Kichocheo kitakapomfikia, naona ni wajibu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kumtaka muuzaji aweke amana ya fedha itakayolipia betri na fundi kwa miaka yote ya chombo, hata yeye akifilisika. Kila mgonjwa aandikwe katika daftari la taifa. Na Mbeya, siyo Dar es Salaam pekee, iwe na mashine ya kurekebisha umeme wa kichocheo. Mkataba wa mgonjwa na muuzaji uandikwe kwa Kiswahili, na ndani yake iwemo namba ya simu ambayo jamaa zake wataipiga siku mtetemeko utakaporejea.